Uvimbe Unaodunda na Mkwe Asiyefaa Kuuona

Mshauri wa redio yetu, mimi ni nyanya yenu, Kukhu Phoebe wa Musanda, naomba msaada, lakini kwanza ufurahi na mimi, kwa sababu juzi juzi nilikuwa nusu maiti, mkono umelala, mdomo umeenda kando, nikiwa Nairobi kuona mjukuu mchanga, na madaktari wakaingiza waya kwenye mshipa hapa juu ya paja, kwenye kinena, wakaupandisha mpaka kichwani, na kwenye ncha yake kuna kiwavu, kikanasa damu iliyoganda kikaivuta, ikakatika, kipande kikakimbilia mbele, wakakifuata huko huko wakakitoa, nami nikafungua macho nikauliza, "Nani amenivua nguo?" Walicheka hao! Sasa naongea kuliko zamani, obusuma, ugali wetu, nasonga mwenyewe, na aliyesema nitazikwa aje nimwonyeshe mwiko.

Taabu ni kwamba pale waya ulipoingilia pamevimba kama yai la kuku, nikiweka kidole panadunda, du, du, du, kama moyo umehamia huko. Mume wa binti yangu Selpher, anaitwa Wandera, anatibu watu kliniki moja Amalemba, anakujanga kunijulia hali, anakaa karibu na mlango, macho chini, anauliza, "Mama, pale walipopitisha waya pako sawa?" Namwambia, "Pako sawa, kula ingokho, huyo kuku atapoa." Ningesema nini? Kwetu mkwe hata mkono hanipi, leo nimfunulie kinena? Heri nife na heshima yangu! Jirani yangu mama Osundwa anasema hilo ni jipu tu, kesho anakuja na wembe kulitumbua, ametumbua mengi na hakuna aliyelalamika. Nimruhusu? Usinijibu kitoto.

MSHAURI ANAJIBU

Kukhu, nimepiga kigelegele hapa studioni mpaka fundi wa mitambo akavua vidude vya masikio. Hongera! Sasa kaa chini nikukemee.

Jipu halidundi. Kinachodunda na moyo ni mshipa. Huenda tundu la ule waya halikuziba vizuri, na damu inavuja ndani kwa ndani. Jambo hilo hutokea baada ya matibabu kama yako, na madaktari wanajua kulitengeneza. Lakini wembe ukigusa hapo, damu itaruka mpaka ukutani. Mama Osundwa, najua nawe unasikiliza: huo wembe kanyolee wajukuu! Hao wengine hawakulalamika kwa sababu walikuwa na majipu kweli.

Usikande, usiweke maji moto, usifinye. Dawa walizokupa za damu isigande usiziache mwenyewe. Damu ikitoka nje, lala chali, mtu akandamize kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia, mkiita gari. Na mdomo ukienda kando tena au kichwa kikipasuka kwa maumivu, hospitali, si maombi kwanza.

Kuhusu mkwe, nani amekuambia umfunulie? Mila imemkataza Wandera kuona, haijamkataza kusikia. Mwambie Selpher, Selpher amwambie mumewe, naye akutafutie daktari mwanamke mwenye mashine ya picha. Leo, si kesho.

Unasema heri ufe na heshima. Heshima gani? Ukifa, watu watauliza kwenye matanga ni nini kilimchukua Kukhu, na mtu atashika kipaza sauti, mbele ya wakwe wote na kwaya, atangaze: kinena! Sasa chukua simu, mpigie Selpher. Mimi naweka wimbo, na ukiisha kabla hujapiga, nitamtafuta mwenyewe hewani kwa jina.