Koti la Misibani

Bunju, Dar es Salaam

Kaka Gervas,

Shikamoo. Sie huku tu wazima, kasoro Vaileth wangu anayekohoa kidogo. Mama anaendeleaje na miguu yake hapo Masasi? Mwambie korosho zimefika, na wajukuu wake wamezimaliza bila hata kunibakizia.

Pale lilipokuwa banda lako la vinyago pamebaki vumbi la mpingo tu. Waliojiandikisha wamehamia soko jipya la Madale, kila mtu na kizimba chake. Jonas fundi viatu, aliyeliona tangazo alipokwenda ofisini kwa shida zake, kapata cha mlangoni, na anavyoringa utadhani soko kalijenga yeye. Nikipita pale roho inaniuma, kaka.

Mwenyekiti wetu, Bi Chausiku, hana raha. Watu bado wanarudia uliyosema siku ya bomoabomoa, kwamba aliificha sheria mpya ya kuondoa mabanda barabarani ili vizimba wapate jamaa zake. Juzi alinilalamikia kuwa hata salamu wanamjibu kwa shida. Nikamwambia yatapita. Nilijisikia vibaya sana.

Kaka, hakuficha. Jumatatu ile alinikabidhi karatasi ya tangazo la sheria hiyo, mie mwenye kipaza sauti, akaniambia nizunguke mtaa mzima maana mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Lakini asubuhi hiyo Mzee Mwinshehe alikuwa amefariki, nawe unajua mtaani kwetu hatupigi kipaza sauti watu wakiwa matangani. Nikasema nitatangaza matanga yakishaanuliwa. Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye koti langu la misibani. Alhamisi matanga yakaanuliwa. Nikalivua koti, nikalitundika, nikasahau kabisa.

Sina koti jingine, ndiyo maana nililivaa kukusindikiza stendi. Pale pale mkono wangu ukaigusa ile karatasi. Ukanikumbatia huku ukimlaani Bi Chausiku, nayo iko kifuani kati yetu. Nikanyamaza mpaka basi likaondoka. Miezi minne sasa nimenyamaza.

Jumapili kuna mkutano wa mtaa. Nitaisoma kwa kipaza sauti, tarehe zake zote, kisha nitaje ilikokaa. Nimeona nikutangazie wewe kwanza, ingawa haikusaidii tena. Nisamehe ukiweza.

Patasi ulizoniachia nazipaka mafuta kila wiki.

Nisalimie Mama. Mwache ale kwanza, ndipo umsomee.

Mdogo wako,
Wilfred