Kadi Iliyosomwa Chini ya Turubai la Bluu

Mpendwa Shangazi wa redio, ejok, hujambo. Nakuandikia wewe maana nikimwuliza mtu wa hapa maneno yatazagaa kambi nzima. Mume wangu Makur figo zake ni mbovu, na daktari wake wa Lodwar alitupa vifaa vya kumpima nyumbani, unachoma kidole, unaweka tone la damu kwenye kadi, ikibaki bluu potasiamu kwenye damu iko sawa, ikigeuka pinki imezidi na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo, na sisi tumekuwa tukipimia ndani ya duka letu, chini ya turubai la bluu, kwa sababu binti yetu Agot anaposwa na Makur hataki wakwe wajue ni mgonjwa, na kila mara ilitoka bluu tukamshukuru Mungu. Leo asubuhi nimetoka kuitupa kadi, nje kwenye jua ikawa pinki, nikarudi ndani bluu, nikatoka tena, pinki. Nilipomwonyesha akasema, "Mama Agot, hiyo jua ndio inadanganya. Mimi niko sawa, miguu tu imechoka. Nikienda Lodwar, Gai atakaa kwa kiti yangu aongee mahari ya mtoto yangu." Gai ni mdogo wake. Amenikataza kumwambia mtu, na sijawahi kumpinga mbele ya ndugu zake. Naogopa sana. Nifuate rangi gani?

Ayen, Kakuma

Ayen, pole, lakini ulijijibu mwenyewe ulipotoka mara ya pili. Chini ya turubai la bluu hata shati jeupe ni bluu. Kadi inasomwa kwenye mwanga wa mchana, na huko imesema pinki. Zile za zamani usizitegemee tena, hujui zilikuwa rangi gani. Na usiniletee habari za "niko sawa". Potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo bila mtu kuumwa popote, na hiyo miguu kuchoka daktari anataka kuisikia.

Nimekupigia kwanza, simu imezimwa, ndiyo maana naisoma barua yako hewani, siri au si siri, ikufikie leo hii. Basi funga duka sasa hivi. Mpigie daktari, na kama Lodwar ni mbali kwa leo, mpeleke hospitali ya hapo Kakuma wampime upya. Ukiwa njiani mwambie Gai kila kitu, yeye ndiye anayeweza kuwaomba wageni wasubiri kaka yake apone. Mambo ya posa huwa hayana haraka hivyo, mnajua wenyewe.

Makur atakukasirikia, pengine hata chakula chako atakikataa. Mwache akasirike. Ukimsikia akifoka, ujue bado una mume.