Kichwa cha Rukia

Dada Mwanaisha,

Mola akupanulie kaburi lako. Anayekuandikia ni mimi ndugu yako, niliyefika Adeni, Bombei na Marsei, niliyemtupa Mgiriki baharini kwa ajili ya kitunguu. (Haya, alijitupa mwenyewe. Ulijua siku zote.)

Namwogopea mwanao.

Tangu tukuzike kando ya mumeo, mtaa mzima unamtendea wema. Kila amwonaye Rukia humpapasa kichwa, kama tulivyofundishwa kumfanyia yatima. "Maskini, yatima wa watu." Muuza mahamri, mwalimu wa chuo cha Kurani, Bi Saada jirani yetu, thawabu zote za Mji wa Kale ziko nyweleni mwa mtoto wako. Nami nikijidai barazani kwamba hakuna yatima apendwaye kama wetu.

Kisha nikaenda naye Marikiti kununua ndizi. Mchukuzi akatujia na kikapu begani, ataka njia tu. Rukia akainama, akafumba macho, akangoja mkono. Mchukuzi akapita zake. Mtoto akabaki vile vile, ameinama. Dada, mimi nimecheka katikati ya dhoruba, lakini pale nilisahau hata ndizi tulizofuata.

Nikamtania: "Wainamia nini, mchukuzi amekuwa sultani?"

"Mimi ni yatima, mjomba. Yatima hapati jambo jema. Hupapaswa tu."

Mtoto wa miaka saba!

Nikaukumbuka upawa wako. Ulivyokuwa ukiushika juu ya chungu, hupakui mpaka kila mmoja wetu aseme jambo jema la siku yake. Nami ukiniambia, "Sema, Bwana Mkubwa, na usinidanganye, wali unapoa." Basi nami nikaushika. Rukia akasema, "Sina." Nikampakulia, ningefanyaje? Kesho yake, "Sina." Hapo hofu ikanishika kweli. Labda neno lile, yatima, limeshamwingia damuni. Labda wewe peke yako ulijua kulitoa jambo jema mdomoni mwake. Mimi najua kufunga kamba za meli, dada, kulea sijui.

Nikamwendea Bi Saada. "Mkono wako una baraka, Bi Saada, lakini mtoto huyu mtume kazi. Mpe hata mchele akuchambulie."

"Wee baharia! Leo wanifunza mimi dini?" Akanifukuza kama paka wa sokoni. Lakini jana akamwita Rukia wafunge sambusa.

Jioni nikashika upawa, moyo wanipiga kama mashine ya meli. Rukia akasema, taratibu, "Sambusa zangu hazikufumuka mafutani. Za Bi Saada zimefumuka." Akacheka, dada! Meno mawili ya mbele hayapo, nawe hukuyaona yaking'oka.

Kisha akanitazama. "Na wewe, mjomba? Na usinidanganye, wali unapoa."

Mimi, mwenye maneno ya bandari nzima, nikaanza habari ya yule Mgiriki, nikaiacha njiani. Akanyoosha mkono, akanipapasa upara.

Usidhani nimetulia. Leo asubuhi amemwinamia tena muuza maziwa, na hofu yangu imerudi yote. Meli iko Mbaraki, serang'i, mkuu wa mabaharia, ameniita. Nimemwambia atafute mwingine. Kila jioni nitauliza, na nitakuwa na jambo langu la kweli la kusema, hata kama ni dogo kama sambusa.

Lala, dada yangu. Upawa niachie mimi.

Ndugu yako,
Bwana Mkubwa