Jiwe la Kupokezana Wagonjwa

Kirotshe, Jumapili jioni

Dada yangu Yustina,

Salamu hizi zikukute umeketi kidogo, maana najua tangu baba yetu alale mgonjwa wewe hupati kuketi. Mimi niko mzima, ila baridi ya mwezi huu inanipasua midomo. Papa anakula? Mguu bado unanuka? Uliniandikia kwamba kidonda kimefika mfupani na huko Ntoto hakuna dawa iliyobaki, ukauliza kama njia ni nzuri mumlete hospitali hapa. Sehemu ya mwisho nimekwenda kuitazama mwenyewe.

Jana hakukuwa na masomo. Nilivaa makoti mawili nikapanda na jirani yangu Papa Kalimba, seremala. Yalikuwa matembezi mepesi: vilima viwili tu, njia pana, wamama wakitupita na mizigo ya maharagwe na kutuuliza kama magoti yetu yamelala. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona hata viatu vyangu. Tulipofika juu ukafunguka, na ziwa likatokea chini yetu, jeusi, limetulia, na kando yake paa la hospitali. Ni karibu kiasi kwamba unaona mashuka yaliyoanikwa.

Hapo juu, mpakani mwa vilima hivyo, kuna jiwe bapa. Desturi unaijua: watu wa mlima mmoja wanambeba mgonjwa katika ngobi, machela yetu ya mianzi na kamba, mpaka kwenye mpaka wao, wanamweka chini na kuita, kisha watu wa mlima unaofuata wanakuja kumpokea. Hivyo ndivyo mgonjwa anavyotoka porini mpaka ziwani, juu ya mabega ya watu asiowajua. Jiwe lile ndilo mpaka wa mwisho. Kando yake tulikuta ngobi imetupwa, mianzi imepasuka, kamba zimeoza kwa mvua.

Papa Sebastiano, mkubwa wa wabebaji wa kilima cha juu, alikuwa akilima karibu. Nilimuuliza ngobi ni ya nani.

"Ya muke ya mudogo wangu. Tulimuleta na mimba, mutoto alikataa kutoka. Tulimuweka hapa, tukaita. Watu wa chini walisikia. Hakuna mwenye alipanda."

"Na ninyi mlishindwa kushuka naye?"

"Tangu ile vita ya mashamba, ukishuka kule wanakungojea na mapanga. Tulikaa naye. Alikuwa anaangalia hospitali. Njo vile alikufa."

Dada, unanijua. Nilimwambia kwamba Wabelgiji tuliwabeba kwenye kipoyi, kile kiti cha mabegani, wazima, wanene, wakivuta tumbako, kutoka mlima mpaka mlima, na hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Leo tuko huru, ni zamu ya kubebana sisi kwa sisi, na ghafla kila mtu ameuona mpaka. Nikamwambia machifu wanagawa mashamba ya wenzao kama nyama ya sikukuu, na watu wanaosali kanisa moja wanaachiana maiti mlimani. Nikaongeza mengine niliyosoma magazetini na mengine niliyoyaandika humo mwenyewe. Sebastiano aliegemea jembe akingoja nimalize.

"Mwalimu, unasema muzuri. Bega yako iko na alama?"

Kalimba akacheka. "Huyu? Alama yake iko kwa kidole, ya kalamu."

Ni kweli. Walimu, makarani na makatekista hatubebi. Tunatoa pombe ya ndizi, wengine wanatoa mabega. Nikavua koti la juu, nikasema baba yangu nitambeba mimi.

"Mbele?" akauliza Sebastiano.

"Mbele."

"Mbele njo wanaona kwanza. Kama mbele iko watu wa chini, nyuma tutabeba miye na mudogo wangu, ule mwenye alifiwa. Lakini wakikupiga, usiachilie mugonjwa."

"Miye nitakuwa kando yake," Kalimba akasema. "Ule muzee iko na bahati, siye wa mbele wote wafupi. Atashuka kichwa chini sawa popo."

Hata Sebastiano alicheka. Kisha akarudi kwenye maharagwe yake.

Tuliposhuka nilipita penye pombe nikawaambia wanaume wa chini. Mmoja, ambaye watoto wake nawafundisha, alinijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, papa yako atapita. Wale wa nyuma, hapana." Nikamwambia ngobi haitembei na watu wa mbele peke yao. Akaendelea kunywa.

Basi jibu langu ni hili: njia ni nzuri, watu ndio wabaya, na mumlete hivyo hivyo. Usiniandikie tena. Barua itachukua siku ambazo mguu wa Papa hauna. Mfunikeni blanketi zito, na mumlaze akitazama mlima anakotoka, asitazame ziwa. Hospitali ataiona akiwa ndani. Mkifika jiweni Sebastiano ataita, nami nitasikia hata nikiwa darasani. Kupanda mpaka pale si kazi, nimekwambia, kwa mtu asiye na mzigo.

Nisalimie mume wako, ambaye najua atabeba kuanzia mlangoni. Nisalimie mama mdogo, anayempikia Papa uji. Na katekista wenu mwambie asali, halafu naye alete bega.

Ni mimi kaka yako,
Anselmi, wa mbele, upande wa ziwa.