Anahesabu kwa Mwezi wa Dagaa

Shikamoo Bi Asia,

Unisamehe kuchelewa, barua hii nimeianza tangu mvua za kwanza nikaichana mara mbili kwa aibu, na leo naandika kwa sababu mwezi umeandama juzi na ukijaa tu mume wangu Bonifasi atarudi. Anavua dagaa Ilagala, sisi tuko Mwamgongo, na dagaa wanafuata taa ya karabai kukiwa giza, mwezi ukiwa mweupe wavuvi wanaanika nyavu wanarudi kwa wake zao. Si mwanaume mbaya, akija anateka maji, anambeba mtoto watu wakamcheka asijali, ila ameshikilia neno la mvuvi mwenzake wa Ilagala kwamba mbalamwezi ikiwaka mimba haitungi. "Mke wangu, dagaa wenyewe hawapandi siku hizi, itakuwa mtoto?" Jovita akaja. Wa pili akaja, akasema siku ile kulikuwa na wingu. Wa tatu ana miezi minne, na kwa huyo nilivuja damu mpaka mkunga akaniambia nikibeba tena karibuni sitaamka.

Nikamtajia mpira, akacheka, "Hiyo wanagawiwa wakimbizi, mimi nina nyumba yangu." Zahanati anasema ni ya wanawake, na nesi naye anasema sindano ya miezi mitatu ipo, nije na mume. Mwezi uliopita nilisingizia mtoto anaumwa nikalala naye mkekani. Asubuhi Bonifasi akanichemshia uji. Nililia. Wa kumwambia sina. Alikuwepo Veneranda, mama wa Burundi aliyekaa jikoni kwangu wiki tatu, yeye na Kirundi chake mimi na Kiha changu tukaongea yote, boti ikaja kuwapeleka wakimbizi kambini, hata kuagana vizuri hatukuagana. Sasa naongea na sufuria.

Je, nichome sindano kwa siri? Siri naiogopa kama mimba yenyewe. Ukiichapa gazetini, majina badilisha. Naomba unitumie karatasi yenye picha na maandishi makubwa, maana anasoma polepole. Na mipira pia, bahasha isiandikwe kitu. Na neno la mwanaume mwenzake, la kwangu amelizoea.

Mama Jovita

*

Mama Jovita,

Pole, mwanangu. Lakini kuchana barua mbili! Aibu gani hiyo ya kukupeleka kaburini?

Nenda kachome sindano wiki hii, kabla hajashuka kwenye boti. Nesi akiuliza mume, mpe maneno ya mkunga. Damu iliyomwagika ni yako. Usidanganywe kwamba anayenyonyesha hashiki mimba, anashika hata kabla hajaona siku zake. Na siku saba za mwanzo tumieni mpira pia.

Kisha usifiche. Akishakula, mwambie yote, hata ule uongo wa mtoto kuumwa. Mwanaume anayekuchemshia uji baada ya usiku kama ule anafundishika. Muulize kwa niaba yangu: mahali ulipoambiwa hakuna samaki umetoa watatu, bado unamwamini aliyekuambia?

Neno la mwanaume hili hapa. Pastory, mpiga chapa wetu, baba wa wanne, anasema: "Mwambie nami nina nyumba yangu, na mpira natumia."

Bahasha nimeituma, muulize karani wa boti. Mipira imo. Karatasi nimeweka mbili, moja yenu, ya pili Bonifasi arudi nayo Ilagala. Aliyemfundisha hesabu ya mwezi bado yuko huko, na ana mke.