Chipukizi la Mtende Nililokuletea

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unainama bila kuguna. Mimi ni mzima, ila mgongo umezeeka kabla yangu.

Barua aliyokuandikia dada nimeipata. Nilicheka uliponihimiza nile nishibe, kama vile bado niko darasa la nne, pale shule iliponishinda. Lakini habari za bustani zimeninyima raha. Unasema nyanya zimedumaa, bamia zimekuwa manjano, na mwezi wa pili sasa humsemeshi mama mdogo, kwa kuwa eti anamwaga maji ya sabuni kwenye matuta yako kwa kijicho.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yangu. Wiki hizi tunatia mitende dawa ya minyoo. Si ya tumboni, mama. Hii ni midogo hata jicho haliioni, inakaa udongoni na kunyonya mizizi mpaka inaota vinundu kama shanga. Mtende mchanga unadumaa, na juu huoni mdudu hata mmoja. Tunachimba kijifereji kuzunguka shina, tunamwaga dawa ya chengachenga kwa kikombe cha kupimia, tunafukia, kisha tunafungulia maji. Msimamizi tunamwita Bwana Kikombe, maana ukizidisha chenga mbili anafoka utadhani umemwaga chai yake. Simlaumu. Dawa ile haichagui mnyoo wala mtu. Mwenzangu mmoja alijifuta jasho usoni na glavu za kazi, akatapika huku akiwaita shangazi zake mmoja mmoja kwa majina. Amepona, nasi tunamtania kwamba ukoo wake wote sasa tunaujua.

Mama, nisikilize bila kukasirika, au kasirika lakini sikiliza. Lile chipukizi la mtende nililokuletea likizo iliyopita sikupewa na tajiri kwa bidii yangu, kama nilivyokuambia. Nililiokota kwenye lundo la kuchomwa. Mizizi yake ilikuwa na vinundu, nikavikata kwa kisu, nikadhani yameisha. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu bila kuja, nikaona haya kuingia kwako mikono mitupu. Nawe ukalipanda katikati ya bustani, ukawaita majirani waje kulitazama.

Mama mdogo unamwonea bure. Minyoo niliileta mimi.

Nilifikiria kukutumia dawa, nikaacha. Haifai kwa mboga za kula, na wewe nakujua, ungeishika kwa mkono mtupu. Ling'oe hilo chipukizi na mizizi yake yote, ulichome pamoja na nyanya na bamia. Ardhi iache ikauke, ipumzike. Na lile jembe mlilokuwa mkiazimana lioshwe vizuri kabla halijavuka tena kwenda kwa mama mdogo.

Halafu uende kwake. Najua itakuwia vigumu, wewe ndiye mkubwa, na mkubwa kuomba radhi humkwama kooni. Basi nenda na barua hii, dada aisome mbele yenu wawili, aibu yote iwe yangu. Mama mdogo akitaka kunitukana, mwache mpaka achoke. Alinibeba mgongoni, anaruhusiwa. Nawe ukimaliza kucheka, nitukane pia, lakini mkiwa mmeketi pamoja.

Nisalimie dada na wanawe. Mama mdogo mpe shikamoo yangu mlangoni, kabla hujaketi.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako