Safari Hii Ni Makaa ya Mawe

Mwanangu Tusekile,

Salamu nyingi kutoka hapa Itumba, Ileje. Baba yako hajambo, anakohoa kidogo kwa baridi hii ila shambani anakwenda. Bibi yako hajambo, anauliza kama huko Dar unapata ugali wa kushiba. Mdogo wako Subi hajambo, ndiye anayenisahihishia maandishi. Hata ng'ombe hajambo, amezaa. Mimi ndiye sijambo nusu, tangu uliposema kwenye simu kwamba unaacha masomo unarudi.

Mwanangu, kazi yako niliielewa siku ile jikoni. Ulisema moshi wa viwandani una hewa ukaa, na nyinyi mnaupitisha kwenye makaa ya mawe ili hewa hiyo ibaki humo. Nikasema kumbe jiwe linameza moshi. Ukacheka. "Halimezi, mama. Hewa inanata tu juu yake na kwenye vitundu vyake, kama unga mashineni." Hapo nikaona. Nilikuona wewe, mdogo, ukitoka mashine ya kusaga mweupe mpaka kope, watu wakikuamkia "Shikamoo bibi," nawe unaitikia "Marahaba" bila aibu.

Sasa jiwe ulilonalo halishiki hewa ya kutosha, na mwalimu wako akataka ujaribu la mgodi wa kwetu Ileje. Ukaniagiza makaa. Nami nikakutumia gunia la mkaa, tena wa mti mgumu, nikidhani mwanangu anapika kwa shida. Baba yako akitaka chai ananiuliza, "Mama Tuse, leo unachemshia mkaa au utafiti?" Acha acheke. Ila Subi ameniambia ulivyolia ulipofungua gunia lile.

Basi sikiliza. Kurudi, hapana. Baba yako amekwenda mgodini mwenyewe, akamwomba msimamizi, akapewa makaa ya mawe yenyewe. Nimeyagusa, mazito, yanang'aa. Nimeyafunga kwenye nailoni, maana ulisema unyevu unayaharibu. Kama na jiwe hili litakataa, likatae mbele yako umelipima. Siyo uwe hapa kwangu unapalilia mahindi huku unajiuliza.

Ijumaa napeleka mzigo mjini Mpemba, kwenye basi la Dar. Nijibu upesi nijue utakuwa stendi kuupokea. Ukinyamaza, Tusekile, nitapanda nao, niulete mpaka hapo unapopimia, na viatu vyangu vya shamba.

Ni mimi, mama yako.